Kununa Hakuunguzi Mkono

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye kiti cha marehemu mama, kile ambacho wifi yangu alikipaka rangi ya kijani kama mlango wa zahanati. Bado nimekaa hapo hapo. Chai imepoa, na kikao cha kiwandani ni asubuhi hii.

Kwa aliyekosa gazeti nitasema kwa kifupi, maana hasira yangu haina subira.

Mimi na wifi, mke wa kaka yangu, tunafanya kazi kiwanda kimoja cha udobi. Tunafua shuka za hoteli na hospitali, kisha tunazipiga pasi kwenye rola: magogo mawili ya chuma cha moto yanayozunguka na kubana kitambaa. Yeye huitia shuka upande huu, mimi huipokea upande ule. Kwa kuwa mvuke hauturuhusu kuonana, tuna desturi yetu. Mtiaji huita, "Inaenda." Mpokeaji hujibu, "Ije." Pasipo "Ije," shuka haiingii. Hakuna msimamizi aliyetufundisha. Tuliwakuta wanawake wa kabla yetu wakiita hivyo, na wao waliwakuta wengine.

Basi akakipaka rangi kiti cha mama. Sikumuuliza kitu, nilibwata. Naye akanijibu taratibu, "Wifi, kiti ni mbao. Mama yako hayumo ndani."

Nikamwambia na ndoa yake ni karatasi, kaka yangu hayumo ndani.

Tukanuniana. Tukawa tunatia na kupokea shuka kama mabubu wawili. Mpaka siku shuka ilipoanza kunitokea imejikunja. Badala ya kumwita aache kutia, niligonga meza. Hakusikia. Akapeleka mkono kunyoosha mkunjo upande wake wa kutilia, rola ikauvuta.

Haikupaswa kuuvuta. Mbele ya rola huwa pana wavu wa chuma tunaouita kinga, vidole havipiti. Lakini kinga iliondolewa tangu msimu wa wageni ulipoanza mahotelini, eti inachelewesha kazi.

Sasa mkono wa kulia wa wifi umelala hospitali, umefungwa bendeji mpaka kiwiko, nami nimeitwa kuwa shahidi. Uongozi unataka niseme jambo moja tu. Ubaya wake ni kwamba jambo lenyewe ni la kweli: kwamba tulikuwa hatusemeshani.

Hapo ndipo kaka yangu alipobisha hodi.

Kaka yangu tunamwita Mizani. Hata ukimsalimu, huipima salamu kabla hajaijibu. Ni mtunza stoo ya sabuni pale pale kiwandani. Aliingia amevaa suruali yake nyeusi ya shughuli, ile anayoivaa akienda kuozesha au kuzika, akasimama katikati ya chumba.

"Kaa," nikamwambia.

"Wapi?"

Nikainuka, nikamsogezea kiti cha kijani. "Kwenye mbao. Mama hayumo ndani."

Hakukaa. Suruali yake ilikuwa na weupe magotini. Akaniona ninauona, akaupangusa kwa kiganja.

"Dada, leo nakuomba jambo moja. Moyo uuache hapa nyumbani. Nenda na kichwa peke yake."

"Nikiuacha hapa nani ataulinda? Kitasa chenyewe kibovu."

"Sina mzaha."

"Hujawahi kuwa nao tangu utoto."

Akavuta pumzi kama mtu anayenyanyua gunia. "Meneja amenipa neno lake. Ikionekana ni bahati mbaya, ugomvi wa kifamilia, kiwanda kitamtibu mke wangu kwa huruma mpaka apone. Ikionekana ni kosa la kiwanda, wataingia mawakili. Kesi itatuotesha mvi. Mkono hausubiri wakili, dada."

"Kwa huruma."

"Kwa huruma, ndiyo."

"Huruma ya bosi ni mwavuli wa kuazima, kaka. Mvua ikianza, mwenyewe anautaka."

"Wewe utabaki na kazi. Mimi nitabaki na kazi. Na wala husemi uongo. Mlinuniana, hamkununiana?"

"Tulinuniana."

"Basi sema hilo tu, kisha nyamaza. Nusu ya ukweli si uongo."

"Ni nini?"

Akaipima. "Ni busara," akasema, akatoka.

Busara. Nimeishi na neno hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume. Shule niliiacha mapema, na ninachokijua nimekiokota kwenye magazeti waliyofungia sabuni. Lakini sisahau. Wengine wana akiba benki, mimi nina kumbukumbu. Namkumbuka mama mmoja ambaye rola ilimvua kitambaa cha kichwa pamoja na nywele. Aliambiwa atumie akili. Nakumbuka tulivyoomba glavu; tuliambiwa tusiwe na jazba. Nimelichunguza jambo hili miaka nenda miaka rudi: hasira ya mwenye ofisi huitwa uamuzi, hasira ya mfanyakazi huitwa jazba.

Na niwaambie lililo baya zaidi, maana gazeti hili halinilipi nijipake manukato. Moyo wangu asubuhi ile haukuwa upande wa wifi. Ulikuwa bado kwenye kiti. Moyo uliniambia, kamtie adabu. Kichwa cha Mizani kiliniambia, jiokoe. Vyote viwili vilinisukuma kwenye mlango mmoja.

Moyo na akili vikipatana upesi namna hiyo, mtu mwenye macho ajiulize ni nani aliyevipatanisha.

Sikwenda kiwandani moja kwa moja. Nilipitia hospitali. Msiniulize kwa nini, miguu ilijipeleka.

Wifi alikuwa amesimama kando ya kitanda, muuguzi anabadilisha matandiko. Aliponiona akageukia ukuta.

"Muuguzi," akasema, "mwambie mgeni wangu atoe mkoba wake juu ya godoro."

Nikasema, "Muuguzi, mwambie mwenye godoro nimekuja kuuona mkono. Yeye sikumjia."

"Mwambie mkono hauna habari naye."

"Jamani," muuguzi akasema, "mimi nina wodi nzima, kazi ya ukalimani sikuajiriwa." Lakini hakuondoka. Nani aondoke kwenye mchezo kama ule.

Wifi akaikamata shuka iliyotolewa kitandani. Ilikuwa ya kiwanda chetu, alama yetu pembeni. Mtu wa kazi yetu hawezi kuiona shuka imelundikana akatulia. Akaanza kuikunja kwa mkono wa kushoto, pembe moja kaibana kwa kidevu. Ikamporomoka. Akaiokota. Ikamporomoka tena.

Nikaishika pembe ya pili.

Hatukutazamana. Tukavuta, tukanyoosha. Akapiga hatua kunijia, nami nikapiga hatua kumwendea, pembe kwa pembe, kama tunavyofanya kila siku ya Mungu. Nilipopokea pembe yake, nikagusa bendeji. Akakunja uso. Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, nikajikaza.

"Muuguzi," wifi akasema, akiangalia dirishani, "kuna watu hawajui kwamba rangi ile ni dawa ya mchwa. Mguu wa nyuma wa kiti ulishaanza kuliwa. Mtu alitaka kidumu."

"Kiti sikijui mimi, mama," muuguzi akasema.

"Anayekijua amesikia."

Nilisikia. Niliitua shuka kitandani, nikachukua mkoba wangu, nikatoka bila kuaga. Wiki nzima nilikuwa nimemshtaki kwamba hana moyo, na kumbe yeye ndiye aliyeinama akachungulia chini ya kiti cha mama yangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukikalia na kulia.

Kumpenda mtu si kulia juu ya kiti chake tu. Kuna na kukikagua mchwa.

Kikao kilikuwa ofisini kwa meneja. Msimamizi wetu alikaa kulia kwake, kakunja nne. Kushoto alikaa mkaguzi kutoka ofisi ya kazi, mwanamke mwenye miwani aliyoisukumia juu ya nywele. Mizani alisimama mlangoni. Aliitwa kama mume wa majeruhi, lakini alisimama kama mlinzi.

Meneja ana sauti laini. Ukiisikiliza bila kumtazama utadhani anabembeleza mtoto.

"Karibu, dada. Hapa hatutafuti mchawi. Najua wenzako wanakuita Kiberiti. Leo tunakuomba usiwake."

"Kiberiti hakijiwashi, meneja. Hupekechwa."

Mkaguzi akashusha miwani machoni.

"Nina swali moja tu," meneja akasema. "Siku ile, wewe na wifi yako, mlikuwa mnasemeshana?"

Nikamwona Mizani akinitazama. Kichwa, kichwa, macho yake yalisema.

"Hapana," nikajibu. "Tulikuwa tumenuniana."

"Na ile desturi yenu ya kuitana?"

"Hatukuitana. Shuka ilipojikunja, niligonga meza."

Meneja akaegemea kiti. Msimamizi akashusha mguu. Mlangoni nikasikia pumzi ya kaka yangu ikitoka, ndefu.

"Ahsante kwa ukweli wako," meneja akasema. "Inatosha."

"Haijatosha."

"Swali lilikuwa moja, dada."

"Na jibu lina sehemu mbili. Kununa hakuunguzi mkono. Kungekuwa kunaunguza, kiwanda kizima kingekuwa wodini, maana hakuna asiyekununia wewe."

Msimamizi akakohoa ghafla, akajifuta mdomo. Sikujua kama ni kikohozi au ni kicheko.

"Kinachounguza ni chuma cha moto kisicho na kinga," nikasema. "Watu hununa. Hupenda, hufiwa, husimama pale kwenye rola wanamuwaza mtoto mwenye homa. Aliyeiunda mashine ile alilijua hilo, ndiyo maana akaiwekea kinga. Alijua anayetia shuka ni mtu. Mkitaka asiyenuna, ajirini rola ya pili iitilie shuka ya kwanza."

"Kinga ilitolewa?" mkaguzi akauliza.

"Tangu wageni walipoanza kujaa mahotelini."

Meneja hakubadilisha sauti hata kidogo. "Hilo ni jambo la kuonwa kwa macho. Twendeni."

Tulipoingia ukumbi wa rola, wanawake waliinamia meza zao. Hakuna aliyeinua macho. Ningepaswa kuelewa hapo hapo.

Kinga ilikuwapo.

Imefungwa pale pale mahali pake, boliti zinang'aa kama meno ya bandia. Mkaguzi akasukuma vidole kwenye wavu. Havikupita.

"Labda mvuke ulikuzuia usiione," msimamizi akaniambia, kwa upole wa kuazima.

Mkaguzi akanigeukia. "Mama, umetuambia haipo."

Damu ikanipanda mpaka nikaionja ulimini. Pembeni palikuwa na ndoo ya maji, na mkono wangu ulishakifahamu kishikio chake. Ningemmwagia msimamizi, na wangeandika: jazba. Ningeondoka nikiwa nimeshinda kwa dakika moja na nimeshindwa maisha yangu yote. Wengi wetu tumeondokea hapo. Ndoo ile ndiyo waliyokuwa wakiingojea.

Basi hasira nikaikamata shingoni. Sikuiua, angalieni. Wanaowaambia muiue hasira yenu wanataka mbaki na nini? Niliiambia tu, kaa hapo, nitakuhitaji.

Nikainama, nikapitisha kidole chini ya wavu, mahali ambapo mtu mwenye haraka hapangusi.

Kidole kikatoka cheupe.

Nikakisugua na kidole gumba. Unga, mkavu kabisa. Nikakichovya kwenye ile ndoo, nikasugua tena. Povu.

Sasa fikirini nami, maana hapa ndipo nilipofikiri. Kitu kilichokaa msimu mzima mbele ya mvuke hakishiki unga mkavu. Sabuni ingekuwa imelowa ikawa uji, uji ukagandia wavu. Kinga hii ilikuwa imelala mahali pakavu penye sabuni ya unga, na ilitoka huko leo leo. Kiwanda kizima pana mahali pakavu pamoja tu, stoo ya sabuni.

Nikageuka kumtafuta kaka yangu. Macho yangu hayakufika usoni kwake. Yalikomea magotini.

Suruali ya kuozesha na kuzika. Weupe ule alikuwa ameupangusa vibaya. Kabla hajabisha hodi kwangu na kuniomba niuache moyo nyumbani, alikuwa amepiga magoti stooni akiivuta kinga nyuma ya magunia.

Aliniona nimejua. Hakuondoa macho. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama alivyokuwa akinitikisia tukiwa watoto nikitaka kumwambia mama nani aliyevunja mtungi.

Enyi mnaonishauri kila wiki, mngefanya nini? Nikisema, mkono wa wifi unapata haki yake na kaka yangu anatupwa nje kama mwenye hila. Nikimeza, kaka anabaki na funguo zake na wifi anaitwa mzembe mpaka kufa. Na hao si watu baki. Ni mume na mke, mto wao mmoja.

"Kuna la kuongeza?" meneja akauliza.

Nilikuwa na la kuongeza.

Mlango wa nyuma, ule wa kupitishia mikokoteni ya shuka, ukafunguka.

Wifi aliingia amejitanda shuka ya hospitali mabegani, mkono umening'inizwa kifuani. Alitembea akishika meza moja baada ya nyingine, na kila meza aliyoishika, mwanamke wa hapo aliinua kichwa.

"Mgonjwa hana ruhusa kuwa hapa," msimamizi akasema.

"Nimekuja kutafuta mkono wangu," wifi akamjibu. "Niliuacha hapa."

Akampita mumewe. Hakumsalimu, lakini alimtazama, kuanzia kola kushuka chini, kama anavyoitazama nguo kabla hajaipokea. Akafika magotini. Kisha akaitazama kinga iliyorudi mahali pake. Mke anayekunyooshea suruali hahitaji kuelezwa doa lake.

Nilidhani ataanguka. Hakuanguka. Alizunguka rola akaenda kusimama upande wa pili, upande wa mpokeaji, mahali pangu. Mimi nilikuwa nimesimama pake.

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu kiti.

"Ije, wifi," akasema.

Bila muuguzi. Bila mkalimani.

Mpokeaji alikuwa ameita kwanza, kinyume cha desturi, lakini neno hilo lina mwenzake, na mwenzake limekaa kinywani mwa wanawake wengi kabla yangu.

"Inaenda," nikasema.

Nikamwonyesha mkaguzi kidole. Nikamweleza unga, mvuke na povu, moja baada ya jingine, bila kupaza sauti. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwamba kitu kilicholala mahali kwa msimu mzima huacha alama yake, na kwamba stoo ya sabuni ikifunguliwa sasa hivi, kabla ya fagio kupita, nyuma ya magunia sakafuni kutakuwa na umbo la kinga hii, unga umelizunguka kama chaki.

"Nani anashika ufunguo wa stoo?" mkaguzi akauliza.

Wote walimjua.

Mizani akatia mkono mfukoni, akautoa. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye uzi mweusi.

"Nipe," meneja akasema kwa sauti ile ile laini, akanyoosha kiganja. "Ufunguo huo ni mali ya kampuni."

Mkaguzi naye akanyoosha chake. "Ni mimi ninayeuomba, baba."

Kaka yangu akasimama kati ya viganja viwili, ufunguo unaning'inia, akipima.

"Mume wangu," wifi akasema kutoka ng'ambo ya rola, "siku rola iliponishika, sikupata nafasi ya kupima."

Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa inahema.

Mkono wa Mizani ukaanza kushuka; kwenye kiganja kipi, nitawaambia wiki ijayo.